Simu, slaidi au OBS: urekodi skrini kwa njia ipi unapowasilisha andiko lako

Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukiwa umechachamaa, mzee mmoja wa kundi letu la uandishi alinipigia simu kutoka Mvumi. Alikuwa amelirekodi shairi lake kwenye skrini ya simu ya mjukuu wake, beti kumi na nane, akalisoma lote bila kusita. "Mwanangu," akaniambia, "nimesoma mpaka koo limekauka, lakini huyu mtoto anasema anasikia mabati tu." Nilipoifungua ile video, maandishi yalionekana vizuri kabisa. Sauti ya mzee ndiyo iliyokuwa chini ya bati linalogongagonga, mara inaibuka, mara inazama. Shairi lilikuwa na mizani isiyoyumba hata mshororo mmoja, na hakuna aliyelisikia.

Kundi letu hukutana Jumamosi karibu na Nyerere Square. Zamani kila mtu alisimama akasoma andiko lake, tukalijadili. Kisha kazi zikatutawanya: mmoja yuko Kondoa, mwingine Mpwapwa, na mwalimu wetu wa hadithi fupi akahamishiwa Manyoni. Tukakubaliana kwamba aliye mbali atatuma video ya skrini, maandishi yaonekane huku yeye akisoma na kueleza. Baadaye wanafunzi wa vyuo nao wakaanza kuja kuomba msaada, maana msimamizi akiwa safarini huwaambia wawasilishe pendekezo la utafiti kwa video ya dakika kumi. Kwa hiyo nimekaa na watu wengi mbele ya skrini, na wengi huanza na swali lile lile: nitumie simu, nitumie PowerPoint, au nijifunze hiyo OBS, programu ya kurekodi skrini ya kompyuta?

Mimi huwajibu kwa swali jingine. Ukikosea ukurasa wa tano, utarudia nini?

Video ya andiko ina tabia yake. Anayefundisha kutumia programu ana vitufe vya kubonyeza na madirisha ya kufungua, kwa hiyo mtazamaji ana cha kufuatilia kwa macho. Andiko limetulia. Herufi hazisogei, na kinachotembea ni sauti yako peke yake. Ulimi ukikwama kwenye neno, hakuna mwendo wa kulificha kosa. Mtu asiyezoea kusoma kwa sauti hukwama mara nyingi, na akilazimika kuanza upya kila anapokwama, ikifika mara ya nne sauti imechoka na andiko limepoteza uhai. Ndiyo maana naipima kila njia kwa jinsi inavyomruhusu mtu kurekebisha, kabla sijauliza picha yake ina ung'avu gani.

Tuanze na simu

Simu ndiyo iliyo mkononi mwa kila mtu, na siku hizi haihitaji kupakua chochote. Android imekuwa na kinasa cha skrini chake yenyewe tangu toleo la 11, lililotoka mwaka 2020. Kwa iPhone kimo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Kwenye Android unavuta paneli ya juu mara mbili, unagusa kitufe cha kurekodi skrini, kisha unaulizwa sauti itoke wapi. Hapo ndipo watu hupotea. Ukiacha sauti ya simu peke yake, utasoma hadithi nzima na video itatoka bubu. Chagua maikrofoni. Kwa iPhone, shikilia kile kitufe kwa sekunde kadhaa mpaka alama ya maikrofoni itokee, uiwashe.

Simu inawafaa sana washairi. Shairi la dakika tatu au nne linajaa vizuri kwenye skrini iliyosimama wima, ubeti mmoja baada ya mwingine, na mtazamaji naye anatazama kwa simu iliyosimama wima. Andiko lifungue kwa Word au WPS katika ule mwonekano wa simu unaojikunja kulingana na upana wa skrini. Usilifungue kama PDF. Ukurasa wa A4 ukibanwa ndani ya skrini ya simu, herufi zinakuwa kama uwele uliomwagika sakafuni: unaona punje, husomi neno.

Udhaifu wake ni kwamba simu ni simu. Inaita, inapokea meseji, inakukumbusha bando limebaki kidogo. Kijana wetu mmoja alirekodi sura ya kwanza ya riwaya yake, na katikati ukashuka ujumbe wa muamala ukiwa na salio lake lote, akaituma video kwenye kundi bila kuuona. Alifadhaika sana. Kwa hiyo washa hali ya ndege na ile ya Usinisumbue kabla hujagusa kitufe chochote.

Na tukirudi kwenye kosa la ukurasa wa tano, simu inarekodi mkanda mmoja mrefu. Ukikosea, ama uanze upya, ama ukate baadaye kwa programu kama CapCut. Dawa niliyoizoea ni kurekodi vipande vifupi, kila ubeti au kila aya kubwa faili lake, kisha kuviunganisha. Kwa shairi inawezekana. Kwa insha ya kurasa kumi na mbili utajikuta na mafaili ishirini yenye majina ya tarehe na saa, hujui lipi ni zuri na lipi ni lile ulilokohoa.

Slaidi

Watu huidharau PowerPoint kwa sababu wameizoea kwenye semina, ila kwa kuwasilisha andiko mimi ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa mwenye kompyuta. Sababu yangu ni moja: sauti inahifadhiwa slaidi kwa slaidi. Unabonyeza kurekodi onyesho, unasoma slaidi ya kwanza, unasogeza, unasoma ya pili, na kila slaidi inabaki na kipande chake cha sauti. Ukiboronga ya saba, unairudia ya saba peke yake. Zingine hazitikisiki. Kwa mtu mwenye kigugumizi kidogo, au anayesoma kazi yake mwenyewe kwa hisia kiasi cha kushikwa na machozi, hilo ni jambo kubwa kuliko ubora wowote wa picha.

Nilikuwa na dada mmoja aliyeandika kumbukumbu za mama yake aliyekuwa akiuza zabibu kandokando ya barabara ya Hombolo. Kila akifika mahali mama anapougua, sauti inakatika. Kwa simu alijaribu jioni tatu, akakata tamaa. Tukaigawa kazi yake katika slaidi kumi na nne. Slaidi ile moja aliirekodi siku ya pili asubuhi, akiwa ametulia, na mtazamaji hajui kwamba palikuwa na usiku mzima katikati.

Kuna mambo ya kujua. Usiseme kitu wakati slaidi inapobadilika, kwa sababu PowerPoint hainasi sauti katika ule mpito, na neno lako la kwanza litamezwa. Maliza sentensi, tulia, sogeza, vuta pumzi, ndipo uendelee. Pili, usibandike andiko lote. Slaidi moja ibebe maneno arobaini au hamsini kwa herufi kubwa, 32 au zaidi, maana atakayeitazama Kondoa ataitazama kwa simu. Ukiwa na aya ndefu, igawe slaidi mbili hata kama inauma. Wenzangu wengi hupinga, wanasema aya ni nyumba, haikatwi. Naheshimu hoja hiyo. Lakini aya isiyosomeka haina msomaji, na toleo kamili unaweza kulituma pembeni kama faili la Word.

Tatu, kuna kalamu na kidoa chekundu cha kuelekezea ambavyo hurekodiwa pamoja na sauti. Ukitaka kuonyesha kwa nini umechagua "akaingiwa na kicho" badala ya "akaogopa", zungushia maneno hayo unapoyataja. Usizungushie kila kitu.

Ukimaliza, kwenye menyu ya faili kuna sehemu ya kuhamisha na kutengeneza video. Unaulizwa ukubwa: 1080p, 720p au 480p. Mimi huchagua 720p. Kwa herufi kubwa inatosha, na kompyuta za wengi wetu huchukua muda mrefu mno kwa 1080p. Wakati huo usiifunge programu wala usiruhusu laptopu kulala.

Kasoro yake ni kwamba slaidi si muswada. Huwezi kuonyesha jinsi ulivyofuta sentensi na kuiandika upya, wala maoni ya msimamizi yaliyoko pembeni ya ukurasa wa Word. Ukihitaji hayo, unahitaji kitu kingine.

OBS

OBS Studio ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Iliundwa kwa ajili ya watu wa matangazo ya moja kwa moja, ndiyo maana dirisha lake lina mambo mengi yanayomtisha mgeni. Usitishike. Kwa andiko unahitaji vitu viwili tu: chanzo cha picha, yaani dirisha la Word au skrini nzima, na chanzo cha sauti, yaani maikrofoni.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuweka rasimu ya zamani kushoto na mpya kulia, ukamwonyesha mwenzako aya ilivyobadilika. Kwa mafunzo ya uandishi sijaona kitu kinachoshinda hapo. Mwalimu wetu wa Manyoni hutumia njia hii kutuhariria: anafungua hadithi yako, anasoma kwa sauti, anafika kwenye sentensi iliyolemaa, anasimama, anaichambua, anaiandika upya mbele ya macho yako. Ukimaliza kutazama unajua alichobadilisha na alichokuwa anafikiri.

Jambo la pili linahusu umeme. Faili la MP4 la kawaida huandika taarifa zake za mwisho pale unapobonyeza kuacha kurekodi. Umeme ukikatika kabla ya hapo na kompyuta yako ni ya mezani, faili zima huwa halifunguki, hata kama ulishasoma dakika ishirini. OBS inaweza kurekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili la video, na faili la MKV likikatika njiani, kilichokwisha kurekodiwa kinabaki salama. Baadaye unaligeuza kuwa MP4 ndani ya OBS hiyohiyo, kwa sekunde chache na bila kupunguza ubora. Nilipoteza insha ya mtu mwingine kwa kutojua hili. Aliniazima jioni yake, akasoma kwa subira, taa zikazimika, na nikabaki na faili lisilofunguka. Kabla hujaanza, ingia kwenye mipangilio ya kurekodi, uhakikishe umechagua MKV.

Kwenye kosa la ukurasa wa tano, OBS iko katikati. Ina kitufe cha kusitisha kwa muda, kwa hiyo unaweza kupumzika, kunywa maji, kusubiri pikipiki ipite. Ikiwa kitufe hicho hakionekani, huenda ubora wa kurekodi umewekwa ulingane na ule wa matangazo. Ubadilishe, kitatokea. Lakini kusitisha si kurudia. Neno ulilokosea limekwishaingia, na kulitoa lazima ukate. Mbinu yangu: nikikosea, nanyamaza sekunde tatu, kisha naanza sentensi upya. Ule ukimya huonekana kama bonde kwenye mchoro wa sauti wakati wa kuhariri, na mkasi unajua pa kupita.

Tahadhari moja kwa wenye laptopu zenye kadi mbili za picha: mara nyingine ukichagua kurekodi skrini nzima OBS huonyesha weusi mtupu. Jaribu kurekodi dirisha la programu badala ya skrini nzima kabla hujaita fundi.

Njia nyingine, kwa ufupi

Windows 10 na 11 zina Game Bar, unayoiamsha kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na Alt na R. Inanasa dirisha moja la programu, haitakubali eneo-kazi wala orodha ya mafaili, kwa hiyo mwenye andiko moja ndani ya Word anaweza kuitumia bila shida. Windows 11 ina pia Snipping Tool, inayorekodi sehemu ya skrini unayoichora mwenyewe. Wenye Mac wabonyeze Shift, Command na 5.

Loom, programu nyingine ya kurekodi skrini, ni nyepesi kujifunza, lakini kwa asiyelipia kikomo ni dakika 5 kwa video, na video hupanda mtandaoni. Kwa wenzetu wa vijijini hilo ni bando juu ya bando. Zoom inaweza kurekodi kwenye kompyuta yako bila malipo ukijifungulia kikao peke yako na kushiriki skrini. Faida yake ni kwamba wanafunzi tayari wanaijua. Zaidi ya hapo sioni cha kuipendelea.

Sauti kabla ya yote

Narudi kwa mzee wa Mvumi, maana tatizo lake lingetokea kwa njia yoyote kati ya hizi. Dodoma ina upepo, na nyumba zetu nyingi ni bati bila dari. Kiangazi upepo huanza kuvuma mchana na kuendelea hadi jioni. Rekodi alfajiri. Ukishindwa, tafuta chumba chenye dari, au chenye kitanda, mapazia na nguo zinazoning'inia, kwa sababu vitambaa humeza mwangwi. Mwenye gari akae ndani ya gari, madirisha yamefungwa, injini imezimwa. Mwanafunzi mmoja wa Ng'ong'ona alirekodi ndani ya kabati la nguo la mwenzake wa chumba, mlango umefungwa nusu, na ile ndiyo sauti safi kuliko zote nilizopokea mwaka ule.

Maikrofoni ya laptopu iko mbali na mdomo na karibu na feni. Hedifoni za kawaida za waya, zile zenye kimaikrofoni kidogo, huishinda kwa mbali. Kiweke upana wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "f" isikipige moja kwa moja, na kisigusane na kola ya shati. Kwenye OBS tazama ule mstari wa rangi unaopanda na kushuka unaposema. Sauti ikicheza kwenye njano umepatia. Ikigusa nyekundu mara kwa mara, rudi nyuma au punguza. OBS ina pia kichujio cha kupunguza kelele, kinachosaidia kwa mvumo wa feni. Bati linalogonga hakiliwezi.

Rekodi nusu dakika ya majaribio, uisikilize kwa spika ya simu, si kwa hedifoni, kwa sababu wengi watakusikiliza kwa spika ya simu.

Mzee wetu alirudia alfajiri ya Jumapili, kwenye chumba cha mjukuu, godoro limeegemezwa ukutani. Hakubadilisha simu wala programu.

Uzito wa faili na namna ya kulituma

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuijua. Chukua kilobiti kwa sekunde, yaani wingi wa data ambao video hubeba kila sekunde, zidisha kwa 60, gawanya kwa 8, utapata kilobaiti kwa dakika. Video ya kilobiti 2,500 kwa sekunde ni karibu megabaiti 19 kwa dakika, kwa hiyo dakika kumi ni kama 190. Ukishusha hadi 800 inakuwa megabaiti 6 kwa dakika, dakika kumi 60. Kwa filamu kiwango hicho ni kibaya. Kwa ukurasa uliotulia kinasomeka. Punguza pia idadi ya picha kwa sekunde: badala ya 30 weka 10, maana hakuna kinachokimbia isipokuwa kishale. Sauti yenyewe kwa kilobiti 128 haifiki megabaiti 1 kwa dakika, hivyo bana picha, usibane sauti.

OBS ndiyo inayokupa mamlaka haya yote. PowerPoint inakupa ukubwa wa picha tu, na simu nyingi hurekodi kwa uzito mkubwa kuliko andiko linavyohitaji, kwa hiyo video ya simu mara nyingi utalazimika kuibana kabla ya kuituma.

Kwenye WhatsApp, usiitume kama video. Itume kama hati, kwa kupitia alama ya kiambatisho. Ikitumwa kama video inabanwa tena njiani na herufi zinaanza kuota ukungu. Kama hati inafika jinsi ilivyo, na kikomo ni gigabaiti 2.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, mwenye shairi au hadithi ya ukurasa mmoja ninampa simu na alfajiri. Mwenye insha, sura ya riwaya au pendekezo la utafiti, kama ana laptopu, ninamkalisha na PowerPoint hata kama amekuja akitaka OBS, kwa sababu nimeona wengi wakichoka kabla ya kumaliza kwa njia nyingine. OBS ninamwekea anayehariri kazi za wengine, au anayehitaji kuonyesha muswada wenyewe na mabadiliko yake, na yule ambaye luku yake au transfoma ya mtaa wake haimpi amani. Asiye na kompyuta na ana kazi ndefu, aazime ya rafiki kwa saa mbili, aje na slaidi zake tayari kwenye flashi na hedifoni zake mfukoni.

Mwalimu wa Manyoni ametuma ya wiki hii jana usiku: dakika tisa, megabaiti 52, hadithi yangu mwenyewe. Aya ya pili ameiandika upya yote.